Ule Ukuta wa Nukta Nukta

Binti yangu ndiye alinifundisha kuandika, na wakati huo mimi nilikuwa tayari nyanya wa watu. Alikuwa mwalimu wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, katika ukumbi wa zamani hapa Siakago. Tulikuwa tunaingia jioni tukitoka shambani. Alikuwa na jina la mama yangu, kwa hivyo tangu akiwa mchanga nilimwita Mama. Darasani wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Sasa huyu anafundishwa na binti yake ama na mama yake?"

Naye ananinyooshea chaki: "Wewe mtoto wangu, keti sawasawa. Hiyo ni kalamu, si jembe."

Vidole vyetu vilikuwa vigumu. Akatafuta njia. Alikuwa anatuandikia herufi kwa nukta nukta, mstari uliokatika-katika, halafu wewe unapitisha kalamu juu yake polepole mpaka mstari unashikana. Hivyo ndivyo tulijua kuandika, sisi wote. Mstari wa namna hiyo kwetu ulikuwa na maana moja tu: hapa patapitiwa tena, patiwe nguvu.

Tulipojua kila mmoja kuandika jina lake, alipanda juu ya dawati na rangi ya samawati iliyobaki kwa milango, akayaandika majina yetu kwenye ukuta wa nyuma. Ninayo yote kichwani mpaka leo, vile yalivyofuatana, na mahali kila mmoja aliolewa. Siyaweki hapa kwa sababu wengine wameshalala na sijaulizana na watoto wao. Mwandiko wenyewe haukunyooka. Dawati lilikuwa linacheza, kwa hivyo majina yalipanda kuelekea dirishani, na kila herufi a ilikuwa na tumbo kama mama aliye karibu kujifungua.

Halafu akafa. Kifua kilimshika msimu mmoja wa mvua, tukampeleka hospitali Embu, tukarudi naye kwa sanduku. Vitabu vyake vililiwa na mchwa. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini pamoja na picha, ndiyo sheria. Kitu cha mkono wake kilichobaki duniani kilikuwa ule ukuta. Siku ya soko nikimaliza kuuza ndengu zangu, nilikuwa napitia pale, nasukuma mlango, naangalia jina langu vile yeye aliona linafaa kuandikwa. Kisha naenda nyumbani.

Ndipo tukaitwa baraza. Ukumbi ungegeuzwa maktaba, na pembeni ofisi ya vitambulisho. Hautaangushwa, wakasema wakubwa, utatengenezwa upya: mabati mapya, njia ya wasioweza kutembea, madirisha makubwa. Kijana mchoraji wa majengo alikuja na ramani yake, akaibandika mlangoni. Alikuwa mtu wa Meru, anatuongelesha Kimeru pole pole kama watoto, nasi tunamjibu kwa Kimbeere na kucheka.

Jirani yangu tuliyesoma naye akasogea karibu. "Umetuchorea nyumba ya kuku?"

"Hapana shosho, ni huu ukumbi. Ni kama umetoa mabati ukaangalia kutoka juu."

"Kumbe hivi ndivyo Mungu anatuona! Ndiyo maana hasaidii, haoni uso wa mtu."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Alikuwa mtu mzuri, sitamsingizia. Kuta nyingi alikuwa amezichora nyeusi, nene. Ule wa nyuma alikuwa ameuchora kwa mistari iliyokatika-katika. Tukatazamana, sisi wa ngumbaru. Jirani akanifinya mkono. Sote tulielewa, na hatukuwa na haja ya kuuliza: ukuta wetu umewekwa alama upitiwe, upewe nguvu.

Akaweka kidole pale pale. "Na huu wa nyuma, wamama, mnaonaje? Kuna mtu ana neno?"

Mimi ndiye nilisimama. Nikasema, "Huo mwanangu, ufanye vile umechora."

"Nifanye vile nimechora, shosho?"

"Vile vile. Na Mungu akubariki."

Wamama wakapiga makofi. Nilienda nyumbani nikiimba.

Niliporudi siku ya soko, mwanga ulikuwa unaingia mpaka katikati ya ukumbi. Nilifikiri kwanza ni dirisha. Nje kulikuwa na rundo la mawe, na plasta imevunjika vipande vipande, vingine vya samawati. Niliokota kimoja, nikakigeuza, sikuweza kujua ni cha jina gani. Fundi akaniambia niondoke, nitaumia.

Mchoraji alikuja akanikuta nimeketi pale chini. Nilimweleza. Alivua kofia. "Shosho, kwa ramani, mstari uliokatika ni ukuta unaotolewa."

"Sisi tulifundishwa vingine."

Alichuchumaa kando yangu. Halafu akauliza kama anaweza kunichorea ukuta wenyewe, nibaki nao. Akatoa karatasi na rula. Akauchora, si kutoka juu, bali kutoka mbele, vile mtu anauona akiingia, na dirisha lake. Nikamtajia majina moja baada ya lingine, na yeye anaandika. Alipofika kwa langu aliniuliza kama lina h. Nikamwambia halina.

Aliandika kwa herufi kubwa, zote sawa, zimesimama wima kwenye mstari kama askari. Kazi safi kabisa. Nilizitazama moja moja nikitafuta ile a yenye tumbo.

"Imefanana, shosho?"

Macho yake yalikuwa mekundu, na vumbi limemjaa kwenye nyusi. Nikaikunja ile karatasi.

"Imefanana," nikamwambia.