Kifuniko Kisicho na Shimo

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago wa Wamunyu, na mama yangu alizaliwa Mwala, nyumbani kwa mfinyanzi. Majina yao unayajua, mwanangu; usiyaandike, watakaosoma haya hawana haja nayo. Mimi nilizaliwa Wamunyu, nyuma ya karakana ya baba, na sikupelekwa shule hata siku moja. Andika hivyo hivyo, usipambe.

Kwa miaka thelathini nilifua nguo za watu Buruburu. Ploti hii ya mtaa wa Lucky Summer, vyumba kumi na vinne juu na chini, ilitoka katika beseni zile. Ndiyo mali pekee nitakayokuachia, na nusura nikuachie choo.

Kwa kuwa sijui kusoma, niliogopa karatasi kuliko kitu kingine chochote. Mwuzaji aliponipa nakala ya hati, niliipeleka kwa watu watatu wasiojuana: karani niliyekuwa nikimfulia, mwanafunzi wa chuo aliyepanga karibu nasi, na wakili wa mjini. Kila mmoja alinisomea kwa sauti, nami nikayalinganisha maneno yao kichwani. Wakili akaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba mwuzaji ndiye mwenyewe na kwamba ploti haikuwekwa rehani. Karatasi zote zilikuwa safi. Fanya hivyo nawe, hata ukiwa na shahada tatu, lakini usijione mjanja kama nilivyojiona mimi.

Mwuzaji alikuwa mzee wa kanisa. Alinipokea uani kwa sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu kabla sijasema kama nanunua. Akanionyesha kifuniko cha saruji na kusema chini yake mna shimo la maji taka, kubwa, la kutosha miaka. Kisha mkewe akaleta chai ya maziwa na chapati, nikala. Sisi tulilelewa kwamba mtu akishakula kwa mwenyeji hachunguzi choo chake, na mzee yule alilijua jambo hilo vizuri sana. Nilipoomba kwenda msalani, mwangalizi wa ploti alinizuia: "Mathe, vyoo vinaoshwa sasa hivi." Niliona haya kuomba mara ya pili. Mimi, niliyelishwa na uchafu wa watu miaka yote hiyo, nilisimama hatua kumi kutoka vyoo vile nikasifu rangi ya ukuta. Hadi leo chapati ile hunirudi kooni.

Nilinunua wakati wa kiangazi. Masika yalipoanza, asubuhi moja niliitwa na mpangaji wa chumba cha chini kinachopakana na vyoo, mama kijana anayeuza mitumba. Nilimkuta mlangoni, mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye landilodi?"

"Ndimi."

"Karibu basi, shosho. Vua viatu, kama unavyovua kwa watu wa maana."

Sikuvua. Maji meusi yalikuwa yamepanda miguu ya kitanda, na vilivyoelea humo vilitoka matumboni mwa watu wa ploti nzima. Sufuria ya uji wa mtoto ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa sahani, na nzi walikuwa wamekwisha kuizunguka.

"Hiyo ni kawaida, mathe," alisema mwangalizi nyuma yangu. "Mvua ikiisha itakauka. Mzee alikuwa anangoja tu wahame, kiangazi kikija anaingiza wageni."

Nikamgeukia yule mama. "Mbona hukuniambia siku ile nilipokuja?"

"Kwani uliniuliza? Ulikuja ukaangalia mabati, ukaangalia rangi, ukakula chapo ukaenda. Tukasema, ah, huyu naye ni wale wale."

Nilirudi nyumbani nikachukua bluu ya kufulia. Nikaikoroga katika ndoo, nikaimimina chooni, kisha nikatoka na fundi wa bomba niliyemwita, kutazama itatokea wapi. Haikwenda kwenye kifuniko. Fundi alikiinua kifuniko kile kwa mtaimbo, na chini yake palikuwa na udongo mtupu, na minyoo. Bluu yangu ilitokea nyuma ya ukuta, katika mtaro wa maji ya mvua, mahali pale pale ambapo mama mboga wa kona huoshea majani yake ya sukuma. Sukuma hiyo nilikuwa nimeila juzi yake. Nilitapika mbele ya fundi.

Mwangalizi alinishauri kwa upole, kama anayenihurumia: "Piga rangi, ngoja jua liwake, uza. Chai nitapika mimi mwenyewe."

Sasa andika hili bila kunifichia. Nilikwenda dukani kununua rangi. Mwenye duka aliniuliza naitaka ipi, nikajisikia nikisema, ile ile ya mzee. Kopo lilikuwa tayari mkononi, na uvundo wa chumba kile ulikuwa bado unapanda kutoka viatuni mwangu. Watu wawili waliokuwa nyuma yangu walisogea kando, wakaziba pua. Nikalirudisha kopo.

Mwangalizi nilimwachisha kazi siku hiyo. Yule mama nilimhamishia chumba cha juu, kwa kodi ile ile. Tulichimba shimo la kweli, kwa kibali cha kaunti, na chumba cha chini hakijapangishwa tena. Ndimo wapangaji wanamofulia nguo. Majirani husema napoteza kodi ya mlango mmoja. Waache waseme.

Ukinunua ploti nyingine, nenda mvua ikinyesha. Zungumza na mpangaji wa chumba kibaya kuliko vyote, mwangalizi akiwa mbali. Usimwachie mwangalizi ufunguo wa maji, kwa maana akiweza kumfungia mtu bomba atataka kupigiwa magoti. Mpangaji akikuita, nenda siku hiyo hiyo, wewe mwenyewe, na uingie hadi ndani.

Hati iko kwa wakili, na ikipotea serikali itatoa nyingine. Wewe tunza kalenda ile kuukuu iliyo jikoni. Nyuma yake fundi alinichorea kwa penseli njia ya bomba, kutoka kila choo hadi shimoni. Ndiyo karatasi pekee ninayoweza kuisoma bila kumwita mtu. Tunza pia gambuti zangu, viatu vya mpira vya kuingilia majini, zikiwa zimeoshwa, na pakiti moja ya bluu. Ikiwa siku moja utaiuza ploti hii, mpe mnunuzi kalenda, mpeleke chooni, mkabidhi ndoo yenye bluu aimimine kwa mkono wake, aende kuitazama ikifika shimoni. Akirudi ndipo uweke chai.