Kiti cha Ngozi na Mafuta ya Nazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ngozi husafishwa kama shaba. Kiti chenyewe nilipewa na bwana mmoja wa mtaa wa Raskazone, baada ya kumfungia vitabu vyake masandukuni alipokuwa anarudi kwao Ulaya. Nilikipenda kupita kiasi. Jioni moja nikasinzia juu yake nikiwa nimetoka kupaka nywele mafuta ya nazi, na nilipoamka niliona doa mahali pa kichwa, la mviringo kama andazi.

Mtu mwingine angeliacha. Mimi doa likiwa chumbani silali. Na Ijumaa ile mjomba wa binti niliyemposa alikuwa anakuja kutoka Kigombe kuitazama nyumba, na neno lake ndilo lililosubiriwa.

Sikumwuliza mtu, mambo yangu yote nimejifunza peke yangu. Nikachukua ndimu na majivu, kama tunavyosugua sinia, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Doa likatoka. Rangi ya ngozi nayo ikatoka, likabaki baka jeupe kubwa kuliko doa.

Dada yangu, ninayekaa naye, alichungulia. "Umelitoa andazi, umeleta chapati."

Nikawaza: kama siwezi kuondoa doa, basi kiti kizima kiwe doa. Nikakipaka mafuta ya nazi kila mahali, rangi ikawa moja, nikafurahi. Asubuhi nilipokigusa, vidole viling'aa. Nikapangusa, mafuta yakachuruzika tena.

Mjomba alifika baada ya sala ya Ijumaa, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, imesimama wima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu mkekani, mjomba. Mkeka mpya huu."

Akakitazama kiti. "Na kile?"

"Kile... kinapumzika."

Dada akakohoa jikoni.

"Kinapumzika? Kimetoka kukata mkonge? Mwanangu, magoti haya yakishuka chini, utanibeba mgongoni mpaka Kigombe. Au umemwekea mgeni mkubwa kuliko mimi?"

Kwetu mgeni hupewa kiti kizuri hata kama mwenyeji atakaa sakafuni. Kumnyima mkwe ni kumwambia hana heshima. Ningeweza kusema ukweli kwa maneno mawili. Lakini niliona haya kukiri kwamba kiti changu kina kasoro. Nikasema, "Karibu."

Akakaa. Akaegemea. Tulikunywa kahawa, tukala halua, akaniuliza habari za kazi, nami nikajibu huku nikiusikia mgongo wake ukibanduka na kunata tena.

Alipoinuka kuaga, kiti kizima kilikuwa kimejichora kwenye kanzu, mgongo na makalio. Hakuwa na habari. Nje barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka msikitini. Dada alinikodolea macho. Mjomba akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili.

"Mjomba," nikasema, "usitoke. Umechafuka nyuma. Ni kiti changu, nilikipaka mafuta ya nazi."

Akavuta kanzu mbele, akainusa. "Mafuta ya nazi? Kwani kiti ndicho kinachooa?"

Nikampa kanzu yangu. Ilimfika kwenye mashavu ya miguu. Alicheka mpaka akarudi kukaa, safari hii mkekani, magoti yakaisha maumivu.

"Nilikuwa naondoka na jibu la hapana," akasema. "Nilijiambia, anayesita kumpa mgeni kiti, mke atamwachia nini? Kumbe si choyo, ni ujinga tu. Ujinga unatibika."

"Usiahidi, mjomba," dada akasema kutoka jikoni, akiiloweka ile kanzu.

Nilioa. Siku hizi mafuta yakidondoka kwenye ngozi nanyunyiza unga wa muhogo, nauacha unyonye, kisha napangusa kwa kitambaa kikavu. Doa lisipotoka, naliacha. Mgeni akija namwonyesha lilipo, halafu nampa kiti.