Aliyesimama Ukingoni mwa Ruvuma

Siku moja ya vita haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiirudia naikuta na sura nyingine. Tulikuwa tukipigania uhuru wa Msumbiji. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, katika mto Ruvuma, kaskazini ya kijiji cha Pundanhar.

Kabla ya hapo nilikuwa mpiga makasia. Wareno walinipeleka Lisbon kusomea uhandisi, nikajifunza kushindana katika mto wao, hata nikafika Olimpiki na kurudi na medali, bendera yao kifuani mwangu. Mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilitunzwa ugenini. Vita vilipopamba moto nilitoroka, nikaja kuwavusha wakimbizi kwenda Tanzania. Mama alikuwa ameshavuka. Mdogo wangu Saidi hakuwa amefika, na mama alikataa chakula mpaka amwone.

Watu wa mto hupiga kafi wakitazama waendako. Mimi nilifunga makasia marefu mtumbwini, nikakaa nilivyofunzwa, kisogo kikiwa mbele, macho yakielekea ukingo niliouacha. Na pale palikuwa na mwiko: anayekimbia asitazame ukingo aliouacha mpaka akanyage mchanga wa ng'ambo. Chuo kilinifundisha kuhoji kila kitu, na mwiko huo ulinichekesha.

"Campeão, bingwa wetu," alinitania Bi Somoe, kikongwe wa Pundanhar aliyekuwa miongoni mwa abiria wangu, "wakaa kinyumenyume kama mtu anayewakimbia wakwe."

"Mashindanoni, bibi, anayeongoza ndiye huwaona wote walio nyuma."

"Na walio nyuma hapa, wakitaka kuja nawe?"

Abiria wakacheka kidogo. Msituni tulikotoka magari ya tropa, wale askari wa Kireno, yalikuwa yakinguruma.

Katikati ya mto ukungu ukapasuka. Macho hayana pazia: ukingoni alisimama mtu mwenye kanzu, mkono juu. Kimo cha Saidi, bega la Saidi lililoinama upande mmoja. Hakupunga. Nikaacha kuvuta makasia.

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Narudi."

Mama mmoja akamkumbatia mwanawe. Hakuna aliyegeuka.

"Tropa wako pale," akasema Bi Somoe polepole. "Ukigeuza, umetuuza sote. Na jina lake usiliite juu ya maji."

Lakini kuuliza ndiyo tabia yangu. Nikaita, "Saidi!"

Jibu likaja, ila halikutoka kwake. Lilitoka kisogoni mwangu, upande wa Tanzania: "Labeka, kaka. Nipo huku, wavuvi wamenivusha."

Nilivuta makasia kuliko nilivyovuta Olimpiki, nikimtazama yule mtu muda wote, maana nilivyokaa sikuwa na pengine pa kutazama. Mkono haukushuka. Ukungu ukamfunika akiwa vilevile.

Saidi alitupokea, miguu imejaa matope. Nilimshika uso kuhakikisha una joto. Kisha nikamuuliza Bi Somoe, "Yule ni nani basi?"

"Umeuliza ulilohitaji, mjukuu wangu, ukajibiwa. Hilo la pili ni mzigo wako. Usitutwishe sisi."

Mpaka leo nalihoji. Labda ulikuwa mtego wa tropa. Labda alikuwa mdogo wa mtu mwingine, akingoja chombo ambacho hakikurudi. Labda ni lile walilolihofia wazee walipoweka ule mwiko, mfu anayetaka kuvushwa. Sikushindana tena. Nchi ilipopata uhuru niliitwa kufundisha vijana kupiga makasia, nikawafundisha nimesimama nchi kavu, kwani kila nikikaa kinyumenyume majini, ukingoni hakukosi mtu.

Basi hoji, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Lakini ukiwa umebeba watu, usigeuze chombo kwa lile ambalo moyo wako unatamani kuliona. Ita kwanza, ngoja, usikilize jibu linatoka upande gani. Na swali litakalobaki, libebe bila kulifunika kwa uongo. Mungu akuvushe mito yako yote, na siku utakapoita ndani ya ukungu, asikukoseshe mtu wa kukuitikia ng'ambo.