Kiini Kipya Kule Kabambare

Siku ya kwanza ya kazi, shefu wangu hakunipa kiti. Alikuwa injenia wa ofisi ya afya ya Kasongo, mwanaume mwembamba wa kuongea polepole. Alinisimamisha mbele ya ordinateri, kompyuta iliyokuwa inawaka vizuri kabisa.

"Mama, unaona nini?"

Nikasema naona mashine inatumika.

"Na chini yake?"

Sikujua. Ndipo akanieleza kiini, noyau kama tulivyozoea kuita: ile sehemu ya mfumo isiyoonekana, inayosimama kati ya chuma na programu zote. Kila chombo unachounganisha kina piloti yake, mukalimani wa kuongea na kiini. "Kiini kikibadilisha lugha," alisema, "mukalimani wa zamani anakuwa bubu. Na hatakupasha habari."

Nilifanya kazi chini yake miaka saba. Alinifundisha kuandika daftarini kila chombo na piloti yake, kujaribu kiini kipya kwanza kwenye mashine isiyo na mgonjwa, na zaidi ya yote kutofuta cha zamani haraka. Mashine moja inaweza kubeba viini viwili. Kipya kikikataa, unawasha kwa kile cha zamani na kazi inaendelea.

Kisha nikatumwa hospitali ya Kabambare, siku mbili za pikipiki na matope. Kilichonipa hofu tangu nifike ni ordinateri ya chumba cha picha za mifupa. Chombo chake cha kusomea picha kilikuwa kizee, waliokitengeneza walikwisha kufunga kiwanda, na piloti yake haikuja pamoja na kiini. Tulikuwa tunaijenga sisi wenyewe.

Shefu akastaafu. Direkta mpya akaandika kutoka Kasongo: kiini cha zamani kina matundu ya kupitisha virusi, mashine zote zigeuzwe kwa kiini kipya kabla ya Ijumaa. Kuhusu matundu alisema kweli. Nilimpigia simu.

"Direkta, nipe wiki mbili, nijaribu chombo kimoja kimoja."

"Mama, unaogopa nini? Wengine wamekwisha kugeuza."

Nikageuza. Diski ilikuwa ndogo, kiini kipya kikakosa nafasi, nikafuta cha zamani. Kila kitu kikawaka. Chombo cha picha tu sikukijaribu. Umeme wa jua ulikuwa umepungua siku ile, nikajiambia kesho.

Kesho yake asubuhi walimleta mchimbaji kutoka Salamabila, anaitwa Amisi. Udongo wa shimo ulikuwa umemwangukia, nyonga imetoka mahali pake.

"Mama, nataka picha sasa hivi," dokta alisema. "Kama mufupa umevunjika, siwezi kuvuta mguu kurudisha nyonga."

Kwenye kioo cha ordinateri yakatokea maneno: chombo hakijulikani.

Nilijenga piloti upya, ikakataa. Amri moja ambayo piloti iliitegemea ilikuwa imeondolewa ndani ya kiini, na badala yake kuna nyingine. Nilipanda kilima penye rezo ya simu, mtandao, pumzi imenikatika, nikampigia shefu wangu wa zamani.

"Usianze kuandika," akasema. "Soma kwanza nini kimeondolewa, na nini kimewekwa."

Nikashuka, nikasoma. Amri mpya ilidai kuambiwa kitu kimoja zaidi. Nilirekebisha mistari mitatu. Mara ya kwanza mashine iliganda, nikaanza tena. Dokta alikuja mlangoni mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mguu unakuwa baridi, mama." Mara ya tatu hakuja.

Picha ilipotoka, dokta alikuwa amekwisha kuvuta. Nyonga imerudi mahali pake, lakini kwenye shingo ya mfupa kuna ufa. Dokta aliutazama muda mrefu.

"Ni udongo, ao ni mikono yangu?"

Hakuna aliyejua, na hadi leo hatujui. Amisi alipona, akabaki anachechemea.

Nilimwandikia direkta kila kitu, pamoja na kosa langu la kufuta. Hakunijibu, ila tangu siku ile nikiomba wiki mbili napewa. Diski kubwa pia ililetwa. Lakini hofu haikuondoka. Kila kiini kipya, hata kilichopita majaribio yote, kilinifanya nirudi mara tatu kugusa kila kebo na kutazama kila kioo.

Mwezi wa kustaafu kwangu, Amisi alipita hospitalini akitoka Lusangi, amebeba mihogo. Alikuja kunishukuru kwa ajili ya picha. Miaka yote ile aliamini ndiyo iliyomponya. Nikamkalisha, nikamweleza ukweli wote, macho yangu chini. Akausugua mguu wake.

"Sasa ile mashine, mama, iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi musiiguse tena."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba matundu mapya yalikuwa yamekwisha kuonekana, na kwamba asubuhi ile ile nilikuwa nimeanza kukijaribu kiini kingine.