Vitabu Kumi vya Likizo

Mwalimu Kurasa alikuwa mtu wa kweli, na hilo halina ubishi. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha darasa la tano hakuwahi kumwongezea mtoto alama kwa huruma, wala kuchukua chaki ya darasa jingine bila kuomba. Jina la Kurasa alipewa na wanafunzi, kwa sababu kila kipindi chake kilianza kwa maneno yaleyale: "Haya, fungueni kurasa." Alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ingawa hakuwahi kulisema hilo mbele za watu.

Ila alikuwa na blogu.

Blogu yenyewe ilianza kwa heri. Binti yake mkubwa alimfungulia wiki moja kabla ya kuolewa, akamwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza. Mwalimu akawa anaandika mambo yake madogo madogo: mtoto aliyeandika insha ya ng'ombe akasahau kumtaja ng'ombe, magoti yanavyolalamika ngazini, namna ya kumshukuru Mungu siku ambayo maji yamekatika. Watu wakasoma, wakaambiana, wakawa wengi. Kisha likizo ndefu moja akaandika orodha ya vitabu kumi alivyokusudia kuvisoma, na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Maana kukusudia alikusudia kweli. Asubuhi ya Jumatatu alianza cha kwanza. Jumanne kulikuwa na nguo za kufua. Jumatano wajukuu waliletwa. Alhamisi alisinzia ukurasa wa ishirini na moja, kitabu kikamwangukia puani. Na wasomaji nao walikuwa wanauliza, "Mwalimu, umefika wapi?" Basi akaandika kile kidogo alichosoma, kilichobaki akakijazia mwenyewe. Akaandika vizuri. Watu wakamwambia wamelia. Likizo ya pili kazi ilikuwa nyepesi zaidi, na kufikia ya nne alikuwa amekwisha kuwa bingwa: maneno ya nyuma ya jalada, sura ya kwanza, jicho moja katikati, basi. Mengine yote aliyaita uzoefu wa maisha.

Mume wake, fundi cherehani aliyefanyia kazi pale pale sebuleni, alimkatia vipande vya kitambaa vya kuwekea alama, kumi, kila kimoja na rangi yake. Kila likizo ilipokwisha, vyote vilikuwa vimelala kati ya ukurasa wa kumi na tano na wa thelathini. Siku ya kupiga picha ya blogu Mwalimu aliondoa kapu la nguo mezani, akapanga vitabu, miwani na kikombe cha chai, halafu akavisogeza vile vitambaa mbele kurasa mia moja na ushee.

"Leo umesoma kwa kasi," mumewe alisema bila kuinua macho.

"Wewe shona."

"Nashona, mama. Nashona."

Likizo hii ya nne kitabu cha sita kilikuwa cha jalada la kijani, habari za ndugu wawili wa kike waliogombana. Mwalimu alikisoma hadi ukurasa wa ishirini na nane, kisha akaandika kwenye blogu jinsi kinavyoisha: mdogo mtu anafika kwa dada yake, anabisha, na kabla mkono haujashuka mlango unafunguka. Hakuna anayeuliza nani alikosa. Wanakumbatiana mpaka jioni.

Mumewe alisomewa hayo kabla hayajatumwa. "Mpaka jioni?" aliuliza. "Bila hata kukaa?"

Siku ya tatu baada ya hapo alikuja mpishi wa shule. Watoto walimwita Mama Ukoko, kwa kuwa ukoko wa sufuria aliwagawia wenye adabu, na hata walimu walikuwa wamesahau jina lake jingine. Alikuwa amesuka nywele upya na amevaa gauni ambalo Mwalimu hakuwahi kuliona.

"Mwalimu, sikai," alisema, akakaa. "Kesho nasafiri. Naenda kwa dada yangu."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Shule nzima ilijua habari ya Mama Ukoko na dada yake. Mama yao alipofariki waligombania kitanda chake, kila mmoja akidai ndiye aliyeahidiwa, na tangu siku ile, mwaka wa tisa sasa, hawakuwa wamesemeshana hata msibani.

"Nani kakushauri?" aliuliza Mwalimu.

"Wewe! Nimesoma kwenye simu yale ya mlango unafunguka. Nimeyasoma mara nne. Nikasema, kama imewezekana kwa wale, mimi nimerogwa na nani? Sasa naomba uniazime hicho kitabu. Nataka nimsomee dada ukurasa wa mwisho. Mimi maneno matamu sina, Mwalimu, unanijua. Nikifungua mdomo wangu mwenyewe tutarudi kwenye kitanda."

Mwalimu alisema kitabu kiko chini ya vitabu vingine, atampelekea kesho asubuhi. Huo nao ulikuwa uongo, kwa maana kitabu kilikuwa juu kabisa.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu aliwafukuzia wajukuu kwa babu yao, akafunga mlango wa chumbani, akaketi kitandani na kuanza ukurasa wa ishirini na tisa. Mboga ikaungua, hakuisikia. Kilikuwa kitabu kizuri, na hilo ndilo lililomuuma. Alipofika mwisho jua lilikuwa bado halijatua. Yule mdogo mtu alifika kweli. Alibisha mara tatu. Ndani redio ilikuwa inaimba. Mlango haukufunguliwa, naye akageuka akaenda zake. Nukta.

Mwalimu aliutazama ukurasa ule muda mrefu. Uzi wa kitabu ulikuwa umelegea. Ungevutwa kidogo tu ungetoka safi, na nani angejua? Yeye aliyewasimamisha watoto kwenye kona kwa kukunja pembe ya karatasi sasa alikuwa ameushika ukurasa kwa vidole viwili. Akamwomba Mungu amwonyeshe njia. Mungu hakutoa sauti. Mumewe ndiye aliyetoa, kutoka sebuleni, akiuliza kama leo watu wanakula au wanasoma.

Aliuachia ukurasa.

Asubuhi alimkuta Mama Ukoko mlangoni kwake, begi limefungwa kamba, anamwachia jirani funguo.

"Ndugu yangu," Mwalimu alisema, "kabla hujaenda. Kile kitabu nilikuwa sijakisoma."

"Hujakisoma namna gani? Umeandika."

"Nimeandika. Ule mwisho niliutunga. Nimeumaliza jana, na mlango haufunguki. Nisamehe."

Mama Ukoko alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Na vile vingine?"

"Navyo."

"Vyote kumi?"

"Vya miaka yote minne."

"Mwalimu! Mimi nikionja kijiko kimoja nikawaambia watoto sufuria nzima imeiva, si utaniandikia barua ya onyo?" Alilitupa begi chini. "Nimeaga. Nimesukwa kwa muda wa saa tano, kichwa kinaniuma mpaka sasa. Kumbe nakwenda kwa maneno ya kutunga!"

Mwalimu alisimama tu, mikono mbele, kama wanavyosimama watoto wake. Jirani aliyeshika funguo hakuondoka, maana mambo yalikuwa yamenoga.

Baadaye Mama Ukoko aliuliza, kwa sauti ya kununa, "Sasa mwenyewe anafanyaje? Mlango usipofunguka?"

"Anageuka. Anarudi kwao."

"Anageuka tu? Hakuzunguka nyuma?"

"Hakuzunguka."

"Na redio inalia ndani?"

"Inalia."

"Mjinga huyo!" Mama Ukoko aliokota begi. "Anasikia redio halafu anaondoka! Dada yangu mlango wa mbele haujafunguka tangu kufuli lilipoota kutu, mama yetu akiwa hai. Ukibisha pale utabisha mpaka ufufuliwe. Watu wote tunapita jikoni." Akaanza kwenda kituo cha basi, huku bado anamsema yule mwanamke wa kitabuni.

Mchana ule Mwalimu aliandika kwenye blogu. Aliandika kwamba katika likizo nne ametangaza vitabu arobaini na amemaliza kimoja, jana. Aliomba radhi bila kupamba. Kisha akafunga kompyuta kama mtu anayefunga mlango wa choo chenye nyoka, akangoja jina lake livunjike.

Jioni maoni yalikuwa yamefika mia moja na kumi. Watu walisifu unyenyekevu wake. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kusoma mafundisho mazuri namna hii juu ya ukweli, na kwamba kwa haraka hakuweza kuyamaliza. Wengi waliomba orodha ya likizo ijayo.

"Umeponea chupuchupu," alisema mumewe.

"Sijui," alisema Mwalimu. Kwa kweli angefurahi kama mtu mmoja tu angekasirika. Aliyekasirika alikuwa amepanda basi.

Zilipita siku tano bila habari. Katika kila swala yake aliweka jina la Mama Ukoko na la yule dada asiyemfahamu, na mlango wa jikoni vilevile. Siku ya sita Mama Ukoko aliingia bila kupiga hodi, akaketi, akaanza kujipepea kwa kitambaa cha kichwa.

"Hakulia," alisema. "Hata chozi. Na hakuna cha kukumbatiana, mpaka jioni wala mpaka adhuhuri. Wewe unaandika vitu!"

"Ikawaje?" Mwalimu alivuta kiti karibu.

"Nikapita jikoni. Nikamkuta anapiga deki. Akaniangalia hivi. Akasema, vua viatu, hapo pana maji."

"Halafu?"

"Halafu nikavua."