Mrija wa Mkubwa

Juzi binti yangu Neema alikuwa anafanya kazi ya shule mezani, hapa kwetu mtaa wa Bailey, ughaibuni. Akanisimulia jinsi Wagiriki wa zamani walivyoingia vita vya Troya: mungu mke ambaye hakualikwa harusini alirusha tunda la dhahabu katikati ya wageni, liwe la aliye mzuri kuwapita wote, na ugomvi wa kuligombania ukaleta vita.

"Basi kosa ni lake, mama."

Nikasikia harufu ya kasiksi.

Ilikuwa mchana, nikiwa mtoto, harusi ya shangazi, kule kilimani kwetu. Wanaume walikunywa hiyo pombe ya ndizi kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Mama Nzigire, mjane waliyemwita mchawi, hawakumwalika. Alikuja hivyo hivyo, akachomeka mrija mpya chunguni.

"Huu ni wa mkubwa wenu," akasema polepole, akaenda zake.

Mimi nilidhani ametuletea zawadi, nikaomba moyoni baba aipate.

"Ni wangu," alisema chifu Rutega.

"Tangu lini?" akacheka baba mdogo Sadiki.

Baba akanyoosha mkono.

Bon, siku chache baadaye watu wa hao watatu, wakigombea ukubwa, ndio waliochoma kilima chote, wakianza na nyumba ya Mama Nzigire, naye akiwa ndani. Tulipokimbia tulipita pale uani palipofanyika harusi. Chungu kilikuwa kimekauka, na mrija bado umesimama, hakuna aliyeutia mdomoni.

"Andika," nikamwambia Neema, "yule mama alileta mrija tu. Walioua ni Rutega, Sadiki na babu yako."

"Mwalimu hawajui hao, mama."

"Andika."