Viazi Vitatu Kwenye Nyumba ya Vioo

Mtu mwenye akili zake hajifichi kwenye nyumba ya vioo. Nililisema hilo siku ya kwanza, tena kwa sauti, mpaka mama mkwe akanikazia macho. Lakini tungeenda wapi? Mtaani kwetu, chini Bujumbura, nyumba za upande mmoja wa barabara zilikuwa zimechomwa, na sisi wa upande wa pili tulikuwa tunangoja zamu yetu. Mume wangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja. Yule patron, kabla ya kupanda ndege kurudi kwao, alimwachia ufunguo wa kijumba chake cha mlimani, alichokijenga ili Jumapili akae anywe kahawa akitazama ziwa. Kuta tatu za vioo, mmoja wa matofali. Pazia hata moja hakuna! Sijui alikuwa hana wa kumwonea haya.

Tukapanda mimi na mama mkwe. Mume wangu akabaki mjini kulinda vitu vyetu.

Tulitundika vitenge vyetu vyote kwenye vile vioo na havikutosha. Popote ulipokaa kulikuwa na kipande kinachokutazama. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukajibandika pande zote tatu, na ndani ya weupe ule nilisikia majani yakikanyagwa. Ukungu ukiondoka, hakuna mtu. Siku ikiwa safi tuliona mji mzima, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Bomu likipigwa kule chini vioo vilitetemeka kwanza, ndipo mlio ukaja. Nilichukia kutetemeka kule kuliko mlio wenyewe.

Siku ya tatu tulikuta kikapu mlangoni. Ndani kulikuwa na viazi vitamu viwili vya kuchemsha, bado vya moto. Nikataka kuvitupa, maana kwetu chakula ambacho mletaji hakukionja mbele yako hakiliwi. Kabla sijamaliza kubisha, mama mkwe alikuwa ameshavunja kipande na kukitia mdomoni.

"Mi nimeshazeeka," akasema. "Kama ni sumu, basi nife nimeshiba."

Hakufa. Akatia chumvi kidogo kwenye kikapu, kwa sababu kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu, akakiweka nje. Kesho yake chumvi ilikuwa imechukuliwa na viazi viwili vipo. Ikawa hivyo kila asubuhi, na mletaji hatukumwona hata mara moja. Mama mkwe alimwombea kwa Mungu. Mimi nilivila, lakini mwili ulinisisimka kila nilipofikiri kuna macho huko nje yanayojua tuko wangapi. Kila nikiamka nilitoka nje kutapika, nikasema ni baridi ya mlima na woga.

Zaidi ya mwezi ulipita hivyo. Alhamisi moja mchana, kwenye ukungu ambao hata mkono wako huuoni, mume wangu akatokea mlangoni akichechemea. Alikuwa amepita migombani siku mbili, kisigino kimepasuka. Alivusha majirani wa ule upande uliochomwa ndani ya gari la patron, na sasa wenye bunduki wa kwenye bariyeri za barabarani walikuwa na jina lake.

"Mutu akiniona hapa, tunakufa wote," akasema. "Jumanne mvuvi mumoja atanivusha kule Kajaga, ziwani, niende Kongo. Nipumuzishe mguu mpaka siku hiyo tu."

Tukamkalisha chini ya ule ukuta wa matofali, nyuma ya kabati, mahali pekee ambapo kioo kilikuwa hakifiki. Nikamwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia dereva mzima amekunjwa kama godoro, akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tuje kule. Jamani, nilimpenda yule mtu.

Ijumaa asubuhi nikafungua mlango. Viazi vitatu.

Nilivihesabu tena na tena. Nikafunga mlango, nikamwendea mume wangu nyuma ya kabati.

"Wamekuona," nikamwambia. "Toka. Toka sasa hivi."

"Mguu haujapona. Nani ameniona na ukungu ule?"

"Muache mutoto wangu apumuzike," mama mkwe akasema.

Mimi nikikasirika sisikii la mtu, na nikiogopa ndiyo zaidi. Nilimtupia viatu vyake. Nilimwambia kama anataka kutuua aseme. Akaviokota, akasema, "Sawa, mama," kama alivyozoea kuniita akikwepa ugomvi. Nje alishika kioo kwa kiganja ili avae kiatu, kisha akaondoka. Hatua tano, ukungu ukammeza. Nilibaki nasikia ule mguu ukiburutwa.

Yule mvuvi alingoja Jumanne kutwa nzima. Hayo nilikuja kuyasikia baadaye. Mume wangu hakufika Kajaga, na hakuna aliyemwona tena mpaka leo.

Jumamosi, viazi vitatu. Jumapili, vitatu. Wa tatu ni nani sasa? Kile kiganja kilijichora upya kwenye kioo kila umande ulipotanda, vidole vyote vitano. Jumatatu nikasema leo namkamata. Nikajibanza nje pembeni ya ukuta, na kwenye ukungu akatokea bibi kizee mmoja mdogo, peku, na kikapu kichwani. Nikamdaka mkono.

"Yebabawe! Umenitisha, mama!"

Aliishi peke yake huko bondeni. Alijificha kwa sababu aliyeonekana akiongea na watu wa kwa mzungu angeulizwa maswali.

"Bibi, mbona siku hizi unaleta vitatu?"

"Ya kwako, ya mama muzee, na ya huyu." Akaniwekea mkono tumboni. "Nilikuona ukitapika. Nikangoja, nikangoja, Ijumaa nikasema sasa imeshika. Kwetu mimba ikishika, mutoto anahesabiwa kwenye chakula."

"Na Alhamisi mchana," nikasema, "hukuona mutu kuja?"

"Alhamisi? Nilileta kikapu asubuhi tu; mchana, na ukungu ule, sikutoka hata mulangoni." Akanitazama vizuri. "Kwani muko na mwingine?"

Nyuma ya kioo mama mkwe alikuwa amesimama anatutazama, karibu na kile kiganja. Asingeweza kutusikia.

"Apana, bibi," nikasema. "Tuko watatu tu."